Mbona hewa ya chumbani haina kiwango kama maji ya bomba?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mpangaji, nina watoto wawili. Chumba wanacholala kimeota ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya kabati, na mdogo hukohoa usiku kucha. Mwenye nyumba amepaka rangi mara mbili, na mara mbili ukungu umerudi. Sasa anasema kosa ni letu: tunapika, tunaanika nguo ndani, hatufungui madirisha. Nimetafuta sheria nikakuta kiwango cha maji ya kunywa, kiwango cha hewa ya barabarani, hata kiwango cha kelele. Cha hewa ya chumbani sijakiona. Kweli serikali haina la kusema juu ya hewa wanayovuta watoto wangu? Na je, ninunue kifaa cha kupimia ili nipate ushahidi?

Jibu: Pole sana, dada. Mtoto akikohoa usiku mzazi halali, na kuambiwa kwamba wewe ndiye uliyemletea kikohozi hicho kunaumiza zaidi. Serikali nyingi zina la kusema, ila halikuandikwa mahali ulipotafuta. Wewe ulitafuta kiwango cha hewa. Sheria ambazo nimeona zikiwasaidia watu kwa kweli huikagua nyumba yenyewe, kisha humtaja anayepaswa kuirekebisha na siku alizopewa. Ukilishika hilo, hata swali lako la kifaa utakuwa umelijibu mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Maji ya bomba yana mlango mmoja. Kuna mamlaka inayoyasafisha, kuna bomba kuu, na mkaguzi akichota chupa moja pale anajua wanachokunywa watu maelfu. Hewa ya nje nayo ina vituo vya kupimia, na kituo kimoja kinaweza kuwakilisha mtaa mzima. Hewa ya chumba chako haina mwenyewe wa namna hiyo. Saa moja ni safi. Saa inayofuata jiko limewashwa, dirisha limefungwa, watu wanne wamelala, nayo imegeuka kabisa. Mkaguzi akija saa nne asubuhi na chombo chake atapima hewa ya saa nne asubuhi, basi. Na akikuta namba mbaya, amshike nani? Mwenye nyumba atasema ni jiko, mpangaji atasema dirisha halifunguki, na fundi aliyejenga ameshaondoka siku nyingi.

Shirika la Afya Duniani limetoa miongozo ya hewa ya ndani kwa awamu: mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu, mwaka 2010 juu ya gesi na kemikali kadhaa zikiwemo fomaldehaidi (gesi kali itokayo kwenye gundi za mbao), benzini, kaboni monoksidi na redoni, na mwaka 2014 juu ya moshi wa nishati za kupikia na kupasha joto nyumba. Miongozo yake ya mwaka 2021, inayotaka wastani wa mwaka wa chembechembe laini za PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, inahusu ndani na nje kwa pamoja. Yote hiyo ni ushauri. Hakuna mwenye nyumba anayeweza kufikishwa mahakamani kwa kuuvunja mpaka nchi iuingize kwenye sheria yake, na ni nchi chache zilizofanya hivyo kwa nyumba za kuishi.

Lakini usome ule wa mwaka 2009 kwa makini, kwa sababu unakuhusu wewe. Wataalamu walipitia tafiti nyingi wakakubaliana kwamba watu wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Kisha wakakataa kuweka namba. Walieleza kwamba uhusiano kati ya wingi wa vijidudu hivyo hewani na madhara yake kiafya haupimiki kwa usahihi wa kutosha kuchora mstari na kusema huku ni salama, kule ni hatari. Badala yake wakashauri kwamba unyevu unaodumu na ukungu kwenye kuta za ndani uzuiwe, na ukitokea uondolewe. Ina maana ukungu unaouona kwa macho na kuunusa kwa pua unatosha kuwa ushahidi. Mtu akitaka kukuuzia kipimo cha kuhesabu mbegu za kuvu hewani, utapata namba isiyo na kiwango cha kulinganishwa nacho, na mwenye nyumba atapata jambo jipya la kubishania.

Sasa tuiendee hoja yake kwamba kosa ni lenu. Maji huingia ukutani kwa njia nne. Yapo yanayopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia maji. Haya huacha alama chini ya ukuta, mara nyingi chini ya mita moja, na chumvi nyeupe hubaki juu ya rangi. Yapo ya mvua, yanayopenya kwenye paa, kwenye ufa, au pembeni mwa dirisha; doa lake hukua siku za mvua na kufifia siku za jua. Yapo ya bomba linalovuja ndani ya ukuta, nalo doa lake halijali majira. Na mwisho upo mvuke wa ndani: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, ikigusa ukuta uliopoa hushindwa kuubeba, nao hutua pale. Ukungu hauhitaji hata kuona matone. Unyevu wa hewa inayogusana na ukuta ukidumu juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, unaota.

Kona za chumba na nyuma ya kabati ni mahali pa ile njia ya nne, kwa hiyo mwenye nyumba hajakosea kabisa anapotaja mvuke. Anapokosea ni kwenye kinachofuata. Watu wanne wakiishi kama watu wanavyoishi, wakipumua, wakipika, wakioga na kufua, hutoa lita kadhaa za maji hewani kila siku. Hiyo si tabia mbaya. Nyumba isiyoweza kuutoa mvuke wa familia ya kawaida ina kasoro, kama vile nyumba isiyoweza kutoa majitaka ya familia ya kawaida ina kasoro. Swali la kumuuliza ni hili: mvuke unatoka nje kwa njia gani? Jikoni kuna feni ya kunyonya hewa, au tundu linalotoka nje moja kwa moja? Bafuni je? Madirisha ya chumba cha watoto yanafunguka, na yakifunguliwa usiku chumba kinabaki salama dhidi ya wezi na mbu? Ukuta huo unatazama nje, na una chochote cha kuuzuia usipoe? Nimeingia nyumba nyingi ambamo mpangaji alikuwa akilaumiwa kwa kutofungua dirisha ambalo lilikuwa limepigiliwa misumari.

Lawama hii imegharimu maisha, na Uingereza ndiko ilikobadilisha sheria. Huko Rochdale mtoto aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka miwili, kwa ugonjwa wa kupumua. Familia yake iliishi kwenye nyumba ya kupanga ya umma iliyojaa ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu mwaka 2017, na akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo ulitamka kwamba chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu kwenye ukungu huo bila hatua kuchukuliwa. Mwaka mmoja kabla ya tamko hilo, Oktoba 2021, ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya nyumba nchini humo ilikuwa imetoa ripoti ikiwataka wenye nyumba za umma waache kuyafanya malalamiko ya unyevu kuwa suala la mtindo wa maisha wa mpangaji.

Sheria iliyotokana na kifo hicho, ambayo watu wanaiita kwa jina la mtoto huyo, ilipitishwa mwaka 2023 na masharti yake yakaanza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kupanga za umma. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye madhara makubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Mpangaji apewe maelezo ya maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika. Nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi tangu uchunguzi umalizike. Ikishindikana, familia itafutiwe mahali pengine pa kukaa. Sheria ya wapangaji ya mwaka 2025 imefungua njia ya kuyafikisha masharti hayo kwa wenye nyumba binafsi pia. Tazama kilichomo: saa, siku, na jina la mwenye wajibu. Hakuna hata namba moja ya ubora wa hewa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sheria bora ya hewa ya ndani iliyoandikwa miaka ya karibuni, ingawa haipimi hewa hata kidogo.

Japani ilifika hapo hapo kwa njia ya kemikali. Nyumba zilipoanza kujengwa kwa kuzibwa vizuri ili zisipoteze joto, huku zikijazwa plaiwudi, gundi na rangi za kisasa, watu walianza kuumwa kichwa, kuwashwa macho na kukosa pumzi wakiwa ndani ya nyumba mpya. Serikali ingeweza kuamuru kila nyumba ipimwe hewa. Ilichagua kurekebisha sheria ya ujenzi, na kuanzia Julai 2003 ikapiga marufuku dawa ya kuua mchwa ya kloripirifosi ndani ya majengo yanayokaliwa na watu, ikagawa mbao na vifaa vya ndani katika madaraja kwa kadiri vinavyotoa fomaldehaidi, na ikataka nyumba ziwe na mfumo wa kupitisha hewa saa 24 unaobadilisha angalau nusu ya hewa ya nyumba kila saa. Vyote hivi mkaguzi anaweza kuviona: nyota za daraja zilizopigwa kwenye ubao, na feni iliyochorwa kwenye ramani ya nyumba. Mwenye kujenga anajua anachotakiwa kufanya kabla hajanunua ubao wa kwanza.

Marekani ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, familia nyingi zilizopoteza makazi ziliwekwa kwenye matrela ya serikali. Malalamiko ya macho kuwasha na watoto kukosa pumzi yalianza mapema. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 matrela na nyumba za kuhamishika 519 zilizokuwa na watu zilipimwa, na wastani wa fomaldehaidi ukawa karibu sehemu 77 katika bilioni, juu sana ya kiwango cha kawaida cha nyumba za Marekani. Kinachoniuma kila nikikumbuka kisa hiki ni kwamba kikomo cha fomaldehaidi kwa mbao za nyumba za kiwandani kilikuwepo nchini humo tangu mwaka 1984. Lakini matrela yale ya safari kisheria yalihesabiwa kuwa magari, hivyo kikomo hakikuyagusa. Watu waliishi ndani yake, wakazaa na kulea humo, na sheria ikaendelea kuyaita magari. Mwaka 2010 Bunge la Marekani liliweka kikomo kwenye ubao wenyewe, popote utakapotumika. Ukisoma sheria yoyote ya makazi, anza na ukurasa wa maana ya maneno. Chumba cha nyongeza uani, stoo iliyogeuzwa chumba cha kulala, banda la wafanyakazi: je, sheria inaviita nyumba?

Ipo sehemu moja ambamo namba hufanya kazi vizuri, nayo ni redoni. Ni gesi ya mionzi isiyo na rangi wala harufu, hutoka kwenye urani iliyomo ardhini na kujikusanya vyumba vya chini, na katika nchi nyingi ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Mwaka 1984 huko Pennsylvania, mhandisi mmoja alikuwa akiwasha king'ora cha mionzi kila alipoingia kwenye kituo cha nyuklia alikofanya kazi, ilhali kituo kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi alikuwa akitoka nayo nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linashauri bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na nchi isiyoweza kufikia hapo isivuke 300; Umoja wa Ulaya uliiandika 300 kwenye agizo lake la mwaka 2013 kuwa kiwango ambacho nchi wanachama zisizidishe katika kuweka viwango vyao. Namba hapa inafaa kwa sababu chanzo ni kimoja, mpangaji hawezi kuizalisha kwa kupika wala kufua, kipimo huachwa ndani miezi kadhaa ili kitoe wastani wa kweli, na tiba inajulikana: bomba na feni vya kuivuta gesi chini ya sakafu kabla haijaingia. Kwa ukungu na moshi hali ni tofauti kabisa.

Moshi ndio unaoua wengi zaidi, na ninasikitika kwamba wizara za nyumba huuachia wizara za nishati na afya kana kwamba jiko halimo ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kwamba watu takribani bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo, mabaki ya mazao au mafuta ya taa. Mwongozo wa mwaka 2014 ulifanya jambo la busara: kikomo kiliwekwa kwenye jiko lenyewe. Jiko lisilo na dohani lisitoe zaidi ya miligramu 0.23 za PM2.5 kwa dakika. Lenye dohani lisizidi 0.80. Mtengenezaji wa majiko anaweza kupimwa maabara. Mama anayepika hawezi kupimwa kila jioni, wala hastahili kubebeshwa mzigo huo. Kanuni za ujenzi nazo zingetakiwa kukataa ramani ya nyumba isiyo na njia ya moshi pale inapojulikana kwamba wakazi watapikia kuni au mkaa. Zipo kanuni nyingi zinazotaja ukubwa wa dirisha la sebule kwa sentimita na hazisemi chochote juu ya jiko.

Kwa hiyo, kabla ya habari ya ukungu, nikuulize: kuna chochote kinachowaka moto ndani mwenu usiku? Jiko la mkaa la kupasha joto chumba, hita ya gesi ya bafuni, jenereta karibu na dirisha? Kaboni monoksidi haina harufu, hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na chumba kilichofungwa hujaa kabla mtu hajahisi lolote zaidi ya kichwa kuuma na usingizi. Dirisha kuachwa wazi kidogo hakutoshi kwa jiko la mkaa. Litoke nje.

Hapo ndipo jibu la kifaa chako lilipo. Kama kuna kinachowaka ndani, fedha ya kwanza iende kwenye kengele ya kaboni monoksidi, hata kabla ya daftari la malalamiko. Kama hakuna, nunua kipimo kidogo cha joto na unyevu, kikae chumba cha watoto mahali pamoja, mbali na dirisha, uandike asubuhi na usiku. Kikionyesha juu ya asilimia 70 siku baada ya siku hata mnapokuwa mmefungua madirisha, umepata hoja kwamba chumba hakijitoshelezi kwa hewa. Kipimo cha kaboni dayoksaidi nacho kina faida yake. Hewa ya nje ina sehemu kama 420 katika milioni. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, alipendekeza sehemu 1,000 kuwa dalili ya chumba kuishiwa hewa safi tangu mwaka 1858, na wahandisi hadi leo wanaitumia kama alama. Lakini kiwango hicho chenyewe hakileti ugonjwa. Kinakwambia tu kwamba mnavuta hewa iliyokwisha kutoka kwenye mapafu ya wengine, na pamoja nayo mvuke na vijidudu vimebaki ndani. Vifaa vya bei nafuu vya kupima PM2.5 vinafaa kwa kulinganisha, jikoni na chumbani, kabla na baada. Usivipeleke mbele ya afisa kama ushahidi wa namba kamili, vitapingwa. Na kama nyumba iko kandokando ya barabara yenye magari mengi, kumbuka kwamba ushauri wa kufungua madirisha unaingiza moshi wa nje. Ufungue yale ya upande wa pili, na nyakati ambazo magari ni machache.

Sasa sheria unayoweza kuishika leo. Nchi nyingi zilizorithi sheria za afya ya jamii za Uingereza ya karne ya 19 zina kifungu juu ya kero: nyumba iliyo katika hali inayodhuru au inayoweza kudhuru afya. Ni kifungu cha zamani kuliko vipimo vyote nilivyotaja, na kina nguvu kwa sababu kinamruhusu afisa afya kuingia, kutazama, na kumwandikia mwenye nyumba amri ya kurekebisha kwa muda uliopangwa. Tafuta pia sheria ya upangaji, sehemu inayomtaka mwenye nyumba aitunze ikae katika hali ya kufaa kuishi binadamu. England, kwa mfano, iliiingiza dhamana hiyo katika mikataba ya upangaji kuanzia tarehe 20 Machi 2019, na mpangaji anaweza kwenda mahakamani mwenyewe bila kumsubiri afisa. New Zealand imekwenda mbali zaidi kwa kutaja vitu vyenyewe: nyumba ya kupanga iwe na chombo cha kupasha sebule hadi nyuzi 18, tabaka la kuhifadhi joto darini na chini ya sakafu, feni za kutoa hewa jikoni na bafuni, madirisha yanayofunguka yenye eneo lisilopungua asilimia 5 ya sakafu ya chumba, mifereji inayoondoa maji, na mianya isiyo ya lazima izibwe. Tarehe ya mwisho kwa nyumba zote za kupanga ilikuwa 1 Julai 2025. Masharti hayo hayakuokotwa. Utafiti uliofanyika huko kwenye kaya 1,350, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa tabaka la kuhifadhi joto zilikuwa kavu na zenye joto zaidi, na wakazi wake walipungukiwa na kupumua kwa mlio wa filimbi kifuani na siku za kukosa shule na kazi. Kupasha joto, kukausha na kupitisha hewa viliwekwa kwenye sheria moja. Nchi zinazolipia kuziba nyumba ili kuokoa nishati bila kulipia njia ya hewa zinaotesha ukungu kwa fedha ya umma, na hili nimelipinga kila niliposikilizwa.

Nisikufiche ugumu. Kifungu cha sheria hakimsaidii mpangaji anayeweza kufukuzwa wiki inayofuata kwa kulalamika. Kabla hujaandika barua, uliza kwenye kituo cha msaada wa kisheria au chama cha wapangaji kama nchini kwenu kuna kinga dhidi ya kufukuzwa kwa kulipiza kisasi, na muda uliobaki kwenye mkataba wako ni upi. Uliza pia kinachotokea afisa akiifunga nyumba, kwa sababu kuna mahali amri ya kufunga humtoa nje mpangaji na watoto wake, na mwenye nyumba akabaki na funguo. Usiache kulipa kodi kwa hasira. Mahakama nyingi zitalitazama deni lako kwanza na ukungu baadaye.

Ukiwa tayari, barua yako isiseme "hewa ni mbaya". Hilo halina mwenyewe. Sema: "Tarehe fulani nilikujulisha, kona ya kaskazini ya chumba cha kulala ina ukungu wa upana huu, bafu halina njia ya kutoa mvuke nje, dirisha la chumba halifunguki, rangi imepakwa mara mbili na ukungu umerudi, naomba chanzo cha unyevu kichunguzwe na kurekebishwa kabla ya tarehe hii." Ambatisha picha zenye tarehe, ukiweka rula kando ya doa ili lionekane linavyokua. Daktari akimwona mtoto, mweleze hali ya chumba na uombe aiandike kwenye faili lake. Nakala moja ya barua iende kwa afisa afya, nyingine ibaki kwako ikiwa na sahihi ya aliyeipokea.

Mambo ya nyumbani ni machache, na yafanyike bila kukubali kwamba kosa ni lako. Eneo la ukungu lisilozidi kama mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni baada ya kulipiga picha, ukivaa barakoa na glovu, watoto wakiwa nje, kisha ukakausha kabisa. Usiusugue mkavu, vumbi lake litawaingia. Likiwa kubwa kuliko hapo, au likitokana na majitaka, liache kwa mwenye nyumba na fundi wake. Usipake rangi juu. Kabati lisogezwe kutoka ukutani upana wa kiganja, mlango wa jiko na wa bafu ufungwe wakati wa mvuke na dirisha lake lifunguliwe, na nguo zianikwe nje kila inapowezekana. Na kama kuna chumba kingine kikavu, hata sebule, watoto walale huko kuanzia leo mpaka ukuta utakapokauka.